Siku Moja Nikipokea Maswali ya Vijijini

Saa kumi na moja alfajiri natoka Kisauni na daftari langu la maswali, kwa sababu msikilizaji wa kijijini hufungua redio kabla hajashika jembe. Mimi ni mtayarishaji wa kipindi cha wakulima hapa Mombasa.

Saa moja unusu inaingia simu ya mama mmoja wa Kinango. "Mwanangu, hii mbolea ya serikali ipo kweli?" Alijiandikisha kwa chifu lakini, kwa kuwa hakuwa na simu, alitoa namba ya kijana wake anayefanya kazi Changamwe. Ujumbe wenye nambari za kuchukulia mbolea ulimfikia kijana huyo, naye akaupuuza akidhani ni wa matapeli. Nikamwomba mama azungumze na mwanawe kwanza.

Saa nne analalamika mzee wa Ganze: orodha ya watoto waliopewa basari imebandikwa ukutani mwa ofisi moja mjini, na nauli ya kwenda kuisoma hana. Hili huniuma sana, kwani karatasi iliyo mbali na anayehusika haijamfikia. Namweleza kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kupata habari, na kwamba, kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ombi lake halitozwi ada, linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika husaidiwa na afisa kuliandika. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa jambo lenyewe linagusa uhai au uhuru wa mtu.

Saa nane niko soko la Kongowea. Nawauliza wauzaji bei ya mahindi, kwa maana mkulima humwamini zaidi mtu aliyetoka sokoni leo, anayeweza kumuuliza tena asipoelewa, kuliko tangazo lisilojibu. Ndiyo maana kila habari ninayoiandika jioni huonyesha ni nani wa kuulizwa, na wapi.

Saa kumi na mbili mama wa Kinango anapiga tena. Mjukuu ameziandika zile nambari kwenye jalada la daftari lake la shule, na amezirudia mara tatu na baba yake kwenye simu. Majirani wawili wamekaa hapo uani kwake, nao wana maswali yao.