Pumzi Iliyoganda kwenye Lenzi

Usiku huo wa Februari nilishuka peke yangu mpaka ukingoni mwa ziwa Torneträsk, pale Abisko, kaskazini kabisa mwa Uswidi, nikitafuta picha ya nuru ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku. Baridi ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Wapiga picha huipenda Abisko kwa sababu milima ya magharibi huzuia mawingu ya baharini, anga ikabaki safi. Na usiku ule ilikuwa safi kweli. Chini yangu ziwa lililoganda lilikuwa likinguruma, barafu ikijipasua mahali fulani mbali gizani.

Nikasimamisha stendi, nikaielekeza kamera Lapporten, lile bonde lililochongwa na barafu ya kale kati ya milima miwili. Betri za akiba nilikuwa nazo kifuani ndani ya sweta, maana baridi hunyonya chaji upesi. Nilidhani nimejiandaa.

Kioo cha lenzi kilionekana kina vumbi. Nikafanya nilivyozoea miaka yote: nikakipulizia pumzi ili nikifute. Pumzi ikaganda papo hapo. Nilipomulika tochi niliona sakitu imetanda kioo kizima, vijimistari vyeupe vimepangana kama manyoya ya ndege. Kila nikifuta, kitambaa kinaisambaza tu.

Ndipo nuru ya kaskazini ikawaka.

Ilianza kama utepe wa kijani juu ya bonde, kisha ikakunjuka kama pazia lililopigwa na upepo, pindo lake la chini likiwa na rangi ya zambarau. Kijani hicho hutoka kwenye oksijeni, yapata kilomita 100 juu yetu, inapogongwa na chembe zinazotoka juani. Nilikuwa nimeyasoma hayo. Sikujua kwamba kingo zake hukimbia kasi kiasi kile, wala kwamba theluji miguuni pangu ingegeuka kijani.

Mikono ikinitetemeka, nikaizungushia lenzi vifuko vya kupasha moto vidole, nikavifunga kwa skafu. Sakitu iliyeyuka polepole mno. Niliumia, nakiri, lakini macho sikuyaondoa juu.

Kioo kilipotakata, pazia lilikuwa limefifia, umebaki upinde mmoja hafifu. Nikaupiga picha, lenzi ikiwa wazi sekunde 8, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200. Nikangoja mpaka saa nane usiku. Haikurudi.

Kabla ya kuingia ndani niliitia kamera kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga vizuri, isije ikashika unyevu tena.