Dawa ya kichocho imenirudisha Mwanza

Nimerudi, ndugu zangu. Miaka ya masomo na kazi London imekwisha, sasa nafundisha famasia hapa Mwanza. Swali ninaloulizwa na kila mtu ni moja: umeachaje maabara za Ulaya? Jibu langu ni dawa ya kichocho.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Kwetu maji ya ziwa ndiyo ya kufulia, kuogea na kuchota, na humo humo wamo konokono wanaotoa vijidudu vya kichocho. Siku ya kingatiba shuleni, yaani ya kugawiwa dawa wote kwa pamoja, tulikunywa uji kwanza, tukapangwa mstari, kisha mmoja mmoja anasimama kwenye ule mti uliochorwa mistari. Mwalimu anaangalia kichwa chako kimefika mstari gani, anataja idadi ya vidonge, basi. Mizani hakuna. Kidonge cha prazikwanteli, ndiyo dawa yenyewe ya kichocho, cha miligramu 600 ni kikubwa na kichungu kupita kiasi. Kikikaa ulimini kidogo tu, uji wote unarudi. Na wadogo zetu ambao hawajaanza shule hawakuwa na fungu lao kabisa, wakati nao walishinda ziwani mgongoni mwa mama zao au wakichezea ufukweni.

Dawa yenyewe ni nzuri. Ilibuniwa Ujerumani miaka ya 1970 na mpaka leo ndiyo tegemeo. Tatizo ni kuifikisha kwa mtoto, na ufikishaji wa dawa mwilini ndiyo fani niliyoisomea: kidonge kiwe na ukubwa gani, kivunjike wapi, kiyeyuke kwa kasi gani, mtoto akubali kukimeza au akiteme. Molekuli za prazikwanteli ni za aina mbili, zinafanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Moja ndiyo inayoua minyoo ya kichocho. Nyingine haina msaada wa maana, ila uchungu mwingi unatoka kwake, halafu inaongeza unene wa kidonge bure. Ndiyo maana nilifurahi mno ilipopatikana arprazikwanteli, ambayo imebaki na ile aina inayofanya kazi peke yake: kidonge cha miligramu 150 kinachoyeyushwa kwenye maji, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Ilijaribiwa Kenya na Kodivaa. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni ya kuikubali Desemba 2023, na WHO ikaipitisha 2024. Mimi sikuwamo katika kazi hiyo, niliisoma tu nikiwa mbali. Lakini kila ukurasa niliusoma nikiwaona watoto wa Nansio, kule kwetu Ukerewe.

Nilipomweleza shangazi yangu habari hizi, hakuuliza lolote kuhusu shahada. Aliuliza, “Sasa mwanangu, hicho kidonge kitavumilia joto la zahanati yetu?” Nawaambia kweli, hata kwenye utetezi wa tasnifu sikuulizwa swali la msingi kama hilo.

Maana kidonge cha kuyeyuka kina shida yake. Vigezo vya Ulaya vinataka kivunjike kwenye maji ndani ya dakika 3, kwa hiyo tunakiwekea viambato vinavyovuta maji haraka. Viambato hivyo hivyo huvuta unyevu wa hewani. London kabati la kupimia uimara wa dawa tuliliweka nyuzi 25 na unyevu asilimia 60, kwa sababu ndiyo hali ya hewa yao. Kwa nchi zenye joto na unyevu mwingi kipimo kinapanda hadi nyuzi 30 na asilimia 75. Na hapo bado tunazungumzia kabati. Ingia stoo ya zahanati ya kisiwani saa nane mchana, paa la bati, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi, ufungue kopo lililokwisha kufunguliwa mara nyingi: vidonge vimelika kingo na chini kuna unga. Unga ule ni dawa ambayo hakuna atakayeimeza.

Kazi yangu sasa ni hapo, kwenye viambato na kifungashio. Wanafunzi wangu wanajaribu wanga wa muhogo, zao ambalo Ukerewe tunalijua tangu utotoni, kuona kama kidonge kitavunjika vizuri kwenye maji bila kulegea kikiwa stoo. Inakwenda polepole. Kemikali niliyozoea kuipata kesho yake, hapa naisubiri miezi, na umeme ukikatika katikati ya kipimo tunaanza upya. Inachosha. Ila tukikwama juu ya jambo la zahanati, tunapanda kivuko tukaone wenyewe.

Kwa sasa ninachotafuta ni rekodi za joto na unyevu za stoo za dawa visiwani, hasa msimu wa masika. Mwenye ndugu muuguzi au mfamasia Ukara, Kome au Ukerewe anisaidie kumfikia. Vipimia joto ninavyo, nitavileta mwenyewe.