Jinsi tulivyookoa safari zetu za Jumamosi kutoka Sevilla

Muhula wangu wa kwanza chuoni Sevilla, Hispania, safari zetu zilikufa kila Ijumaa. Tulikuwa wanne, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme ndiyo. Tukija kutafuta tiketi za treni ya mwendokasi kwenda mji wa Córdoba, bei imeshapanda, na rafiki yetu mwenye pesa kidogo anajitoa. Iliniuma, maana yeye ndiye aliyeitamani safari hiyo kuliko sote.

Jibu nililipata stesheni ya Santa Justa: zipo pia treni za kawaida, Media Distancia. Hutumia kama saa 1 na dakika 20 badala ya dakika 45, lakini nauli yake haipandi kadiri siku inavyokaribia. Basi, tukakubaliana nauli zikusanywe Jumatano jioni.

Ijumaa tukalala Córdoba, gesti ya bei nafuu. Kesho yake saa 2:30 asubuhi tukaingia Mezquita, msikiti wa kale ambao sasa ni kanisa kuu, bure, kwani Jumatatu hadi Jumamosi hawatozi kiingilio kwa saa hiyo moja ya mwanzo. Nguzo zaidi ya 800, matao mekundu na meupe, na utulivu. Rafiki yetu alizunguka humo peke yake, akatoka macho yamelengwa na machozi.