Shingo ya anko
Jamani anko wangu shingo ilimvimba mpaka kola ya shati haifungi tena, nundu kisogoni, nundu mabegani, kushoto na kulia sawasawa kama zimepimwa, mtaani wengine kansa wengine karogwa. Ukibonyeza laini tu na wala haumii. Kumbe mafuta! Dokta kasema huo ni ugonjwa wa Madelung, daktari wa Kijerumani aliyeuelezea mwaka 1888, wengi wanaoupata ni wanaume waliopiga pombe sana miaka na miaka. Sio kansa, ila akiendelea na gongo yatazidi, na hata wakiyakata yanaweza kurudi. Sasa kilichomuudhi anko ni kwamba hata akiacha hayayeyuki, eti "naacha ili iweje?" Mkewe alimkata jicho hilo, kimyaaa. Wiki ijayo anapimwa ini.