Mama aliniambia uso wa mumewe umekuwa kama ukuta

Mwaka jana mwishoni alikuja mama mmoja hapa kwenye kibanda changu na picha ya marehemu mumewe, anataka niichore kubwa aitundike sebuleni. Picha yenyewe ilipigwa usiku kwenye harusi kwa flashi ya simu, mzee kavaa kanzu nyeupe na kofia, anaangalia kamera moja kwa moja. Nikakaa nayo siku nne, penseli kuanzia HB ya kawaida mpaka 8B ile laini nyeusi, nikaona hii imekaa sawa. Mama alipokuja kuichukua akaiangalia muda mreeefu, alafu akasema taratibu, "Mwanangu, macho ni yake, mdomo ni wake, ila uso umekuwa kama ukuta."

Nikamwambia mama niachie, nipe wiki moja. Usingizi wa siku ile ulikuwa wa shida kwa sababu alikuwa sahihi kabisa.

Mzee alikuwa mweusi hasa, ule weusi wa kung'aa, na mimi nilikoleza uso mzima sawasawa, nikarudia, nikarudia tena, nikiamini weusi wa ngozi unapatikana kwa kuongeza penseli. Na penseli ina kikomo chake. Ile ni grafaiti, ukiibana sana inaanza kung'aa kama sufuria iliyosuguliwa, ukisogea pembeni kidogo tu pale ulipodhani ndo peusi kuliko pote panageuka kijivu. Kwahiyo nilichompa yule mama ni uso wa kijivu kizito, hauna bonde wala kilima, umekaa juu ya kanzu ambayo niliiacha karatasi tupu.

Naandika hili kwa sababu naona wachoraji wengi wa potreti huku kwetu tunalia kilio kimoja. Video nyingi za mafunzo tunazojifunzia zinachora ngozi nyeupe. Kule karatasi yenyewe ndo ngozi, unaongeza kivuli kidogo pembeni ya pua na chini ya kidevu, basi sura imetoka. Ukiichukua njia hiyo ukaipeleka kwenye uso wa mtu wa kwetu bila kubadili kitu unapata ukuta. Kwenye ngozi nyeusi mwanga unatua sehemu chache, paji la uso, juu ya shavu, mgongo wa pua, mdomo wa chini, na ukitua unaonekana kwelikweli. Kutoka pale unapong'aa mpaka giza la chini ya nyusi kuna ngazi nyingi sana, na mimi nilikuwa nimechora ngazi mbili.

Nikaenda kuangalia wakubwa walifanyaje. Picha iliyonisaidia kuliko zote ni ya Velázquez, mchoraji wa Hispania, aliyoichora Roma mwaka 1650, sasa ipo kwenye makumbusho ya Metropolitan Museum kule New York. Aliyechorwa ni Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Afrika ambaye wakati huo alikuwa mtumwa wa Velázquez mwenyewe, na yeye naye alikuwa mchoraji (hati ya kumwacha huru ilisainiwa mwaka huohuo, na ukimwangalia macho yake unaona huyu hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa). Nikaivuta kubwa kwenye simu alafu nikaitoa rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe. Nyuma yake hakuna weupe wowote, ni kijivu cha katikati. Kola ni nyeupe, lakini hata yenyewe sehemu kubwa ina vivuli vyake. Kwenye paji la uso kuna mng'ao, na ule mng'ao ndo unaokufanya uamini kwamba sehemu nyingine zote ni nyeusi.

Hapo ndo nikaelewa kosa la kanzu yangu. Toni, yaani kiwango cha giza au mwanga, haikai peke yake, jirani yake ndo anaamua utaionaje. Kuna mkemia wa Ufaransa, Chevreul, alikuwa anasimamia upakaji rangi wa nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins pale Paris, watu wakawa wanalalamika rangi nyeusi haijakolea. Alipochunguza akakuta nyeusi haina shida, inaonekana vile kwa sababu ya rangi zilizowekwa pembeni yake, na mwaka 1839 akachapisha utafiti wake. Mimi uso wa mzee niliuweka katikati ya karatasi nyeupe pee, huo weupe ukameza kila tofauti ndogo niliyohangaika nayo siku nne.

Ila bado nilikuwa na shida, picha ya flashi imeshaua vivuli vyote, nitavitoa wapi? Nikampigia mama, nikamuuliza kama mzee ana ndugu wanaofanana. Akasema yupo shemeji yake, ndugu wa mumewe, ukiwaona utadhani pacha. Jumamosi akaja, mzee mpole sana, nikamwomba radhi kwa usumbufu akasema "hamna kitu kijana, fanya kazi yako." Nikamkalisha mlangoni, mwanga unaingia kutoka kushoto, na yeye kavaa kanzu.

Nikafinya macho nusu, ile namna ya kuangalia mpaka kope zinakaribia kugusana na vitu vidogo vidogo vinapotea unabaki na vipande vya giza na mwanga tu. Na hapo nikaona kitu ambacho ile flashi isingenionyesha maisha yangu yote, chini ya taya, mahali ambapo mimi huwa nakoleza kuliko pote, palikuwa na mwanga. Mwembamba, umepoa, unatoka kwenye kanzu. Jua linapiga kifua, kanzu inaurusha mwanga juu, unashika chini ya taya na kidogo kwenye ncha ya sikio. Giza lenyewe lilikuwa juu zaidi, pale shavu linapogeuka kuliacha dirisha.

Safari hii penseli niliweka pembeni, nikachukua mkaa wa kuchorea. Nikaipaka karatasi yote mkaa laini, nikasugua kwa kitambaa mpaka ikawa kijivu cha katikati, nyuma yake na usoni na kwenye kanzu, kote. Alafu nikaweka giza kuu mapema kabisa, chini ya ukingo wa kofia, matundu ya pua, mstari kati ya midomo, ili nijue chini kabisa ni wapi. Kisha nikachukua raba ile laini unayoikanda kama donge la chapati, nikaichonga ncha, nikaanza kuutoa mwanga. Shavuni gusa mara moja, puani gusa, kwenye taya nikapitisha upande wa raba bila kukandamiza maana ule mwanga wa kanzu haukutakiwa kabisa kufikia ule wa paji. Siku moja na nusu tu.

Sisemi kila mchoro lazima uwe hivi. Edward Saidi Tingatinga pale Dar miaka ya 1960 mwishoni alipaka wanyama wake kwa rangi za mafuta za kung'aa kwenye hadibodi, bapa, bila kivuli, na uzuri wake upo palepale kwenye ubapa. Lakini mtu akikuletea sura ya marehemu wake anataka kumuona amekaa.

Mama alipokuja akaisogelea, akapeleka kidole karibu na taya bila kugusa, akauliza, "Hii uliijuaje?" Nikamwambia kuhusu shemeji yake na mlango.

Tangu siku ile mteja akiniletea picha ya flashi namuomba nyingine, ya barazani jioni au pembeni ya dirisha, hata kama imefifia. Na kama haipo namuuliza ndugu yake nani wanafanana.