Cheksamu ilipogoma, wakausingizia mtandao wa Mbeya

Toleo jipya la programu yangu ya hesabu za wauza mchele lilitoka Ijumaa. Kufika jioni, kila anayelisakinisha anapata ujumbe uleule: cheksamu hailingani. Cheksamu ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili; usipolingana na ule niliotangaza, faili si lile nililokusudia. Basi washauri wakajaa. "Kaka, mtandao wa huko Mbeya ndio unaoharibu faili, subiri usiku upakie tena." Nikasubiri Mwanjelwa yote ilale, nikapakia, bando likaisha, na asubuhi kosa ni lilelile. Mwingine akasema eti nizime ukaguzi! Yaani mlinzi amezuia mgeni asiyemjua, wewe unamfukuza mlinzi.

Nikawapigia watu wawili, rafiki yangu wa Iringa na dada mmoja wa Makambako, wenye laini za kampuni tofauti. Nikawaomba kila mmoja alipakue faili, alipitishe kwenye sha256sum, amri inayokokotoa cheksamu ya aina ya SHA-256, anisomee herufi nane za mwanzo. Wakasoma kitu kimoja! Nilicheka peke yangu chumbani. Kwenye SHA-256 biti moja tu ya faili, yaani chembe ndogo kabisa ya data, ikibadilika, mfuatano mzima wa herufi 64 unavurugika. Sasa la Iringa na la Makambako yangeharibikaje sawasawa? Faili la kwenye seva, ile kompyuta inayowagawia watu, lilikuwa zima. Cheksamu niliyotangaza ndiyo ilikuwa ya faili jingine.

Nikafunga kifurushi cha programu, yaani mafaili yake yote yaliyobanwa kuwa faili moja, mara mbili kwenye laptop bila kugusa msimbo. Cheksamu mbili tofauti. Amri ya cmp, inayolinganisha mafaili mawili, ikaniambia tofauti inaanzia baiti ya 5, na hapo ndipo gzip, programu ya kubana faili, inapoandika muda. Kumbe seva nayo ilikuwa inakifunga upya kifurushi changu, kwa saa yake, kabla ya kukigawa.

Dawa ni gzip -n, isiyoandika muda, na tar, programu inayokusanya mafaili kuwa moja, uipe --mtime (tarehe) isiyobadilika pamoja na --sort=name, iyapange kwa majina. Ila msizitegemee hizo peke yake, maana hata programu ya kubana ikibadilika, baiti zinabadilika. Januari 2023 GitHub walibadilisha namna ya kubana, cheksamu za watu dunia nzima zikagoma, wakarudisha ya zamani haraka. Mimi siku hizi napakua lile la seva, nalifungua, nalilinganisha na langu kwa diff -r, inayokagua folda nzima faili kwa faili, yakiwa sawa ndipo natangaza cheksamu ya lile la seva.

Gharama? Mabando ya elfu kumi na kitu hivi, na yule dada wa Makambako ananidai chipsi kuku.