Nilivyovua Samaki Ziwa Ellis kwa Koti la Shemeji

Shemeji yangu wa Chuka ndiye aliyeniambia kwamba samaki wa Ziwa Ellis ni wajinga. "Wewe mtoto wa Likoni, shemeji, hao utawazoa kwa karai." Mtu huyu hajapata kushika ndoana maishani mwake. Lakini alinisifu, na mimi sifa hunilewesha upesi.

Ziwa lenyewe liko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, njia ya Chogoria, karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Kwetu Likoni usawa wa bahari ndio uwanja wa mpira, kwa hiyo hesabu hiyo ungedhani ingenishtua. Haikunishtua. Safari ya kwanza tulipanda moja kwa moja, kwa ushauri wa shemeji huyo huyo: "Meza Panadol mbili asubuhi, mlima hautakujua." Mlima ulinijua. Kabla hata hatujaliona ziwa, kichwa kilikuwa kinatwanga kama kinu, na chai na mahamri yote yakabaki kando ya njia. Tukageuza.

Mara ya pili, mwishoni mwa Januari, nilikataa kuharakishwa. Nililala usiku mmoja Chogoria mjini na usiku wa pili getini, kwenye mita 2,950 hivi, ndipo nikapanda. Kichwa kilikuwa kizito kidogo, basi. Gari la kutupandisha msituni mpaka getini, kilomita 30 hivi za mianzi na makorongo, lilitukamua kama shilingi 10,000 kwenda na kurudi, au 12,000. Sikumbuki vizuri, maana shemeji alilipa nusu, halafu akanidai nusu ile ile mara mbili. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa simu, na leseni ya kuvua ulizia mapema ukiwa bado nyumbani. Na ukilala getini, maliza mambo ya choo kabla ya giza. Usiku nyati wawili walikuwa wanachunga nyasi mbele ya kibanda chetu kama ng'ombe wa jirani, nami nilibana mpaka alfajiri.

Haya, uvuvi.

Nilipanda na mshipi wangu wa nyumbani, ule wa kuvulia changu wa baharini, umeviringishwa kwenye kipande cha mti, na ndoana zangu, na chubwi la risasi, na ngisi. Ndiyo, ngisi wa chumvi kutoka Mombasa, nimemfunga mifuko mitatu na bado shemeji akasafiri na vioo wazi. Kijana aliyetuongoza alinusa mara moja akasema, "Mzee, hiyo itatuletea fisi hemani." Akaongeza kwamba trauti, ndio samaki wa pale, huvuliwa kwa nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Nikamwambia kwa upole kwamba nilikuwa navua kabla yeye hajazaliwa.

Sasa tazama mahali penyewe. Ziwa ni la kina kifupi, maji yake maangavu hata mawe ya chini unayahesabu. Pembeni hakuna mti wa maana, ni nyasi za mafungu mafungu hadi magotini, na vilele vya mlima vinachungulia kwa mbali. Nikajipanga, nikazungusha mshipi kichwani mara tatu kama baba alivyonifundisha, nikaachia. Chubwi likaenda mbali, safi kabisa, likaanguka majini na kutaja jina lake: chubwi! Nikaona kwa macho yangu vivuli vitano, sita, vikitimka kuelekea upande wa pili. Nikarusha tena. Chubwi! Toka saa nne asubuhi hadi saa tisa nilikuwa nawapigia samaki ngoma. Nilichonasa ni nyasi, mwamba, na mara moja mguu wa suruali yangu mwenyewe. Shemeji alikuwa amejilaza nyuma yangu anahesabu kwa sauti. Alipofika 40 akauliza kama alete karai.

Jioni upepo ukatulia, na pale pale maji yakaanza kutoka duara ndogo ndogo, moja hapa, nyingine pale, kama mvua ya matone machache. Kijana akaniambia ndio wanakula, wanaokota wadudu walioanguka juu ya maji. Akanipa nzi wake mmoja wa bandia, kitu chepesi kama kope. Nikaelewa shida yangu yote kwa mpigo. Nzi yule hana uzito, ukimrusha kwa mkono anaangukia vidole vyako vya miguu. Ukimfunga chubwi, anazama na samaki wanakimbia. Wenye fimbo zile ndefu za kizungu hurusha uzito wa mshipi wenyewe. Mimi fimbo sina.

Hapa naomba nijisifu kidogo. Kifuani huwa najipaka mafuta ya karafuu, yamo katika kichupa kidogo cha plastiki. Mafuta nikayamimina kwenye kikombe (cha shemeji), kichupa nikakiosha, nikakijaza maji nusu, nikakifunga kifuniko kwa nguvu. Kikijaa nusu kina uzito wa kutosha kurushwa, na hewa iliyobaki inakizuia kisizame. Nikakifunga kwenye ule mshipi mwembamba wa watoto niliokuwa nao mfukoni, kisha nikaacha urefu wa pima moja, ndipo nzi. Nikarusha. Kikaanguka tap, kama tunda. Hakuna aliyekimbia! Nikaanza kukivuta polepole, na nzi akifuata nyuma kama mdudu anayehangaika.

Mrusho wa tatu nzi akanasa kwenye nyasi, uzi ukakatika, akapotea. Kijana akasema ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Shemeji alikuwa amevaa koti lake la manyoya, mtumba wa Gikomba analojivunia kuliko mahari aliyolipa. Mshono wa kwapa ulikuwa umeachia, na kila akiinua mkono unyoya mmoja unachungulia. Nikamwambia, "Shemeji, tulia una mdudu." Nikavuta. Nikavuta tena. Nyuzi nikazitoa kwenye matamvua ya kikoi changu, nyekundu. Nikazungushia manyoya kwenye ndoana ndogo, vidole vimekufa ganzi, fundo nikalikaza kwa meno. Kilichopatikana hakikufanana na nzi wala na kiumbe yeyote aliyeumbwa, lakini kikilowa kilikuwa kinapumua majini, manyoya yanafumba na kufumbua.

Mrusho wa pili, mshipi ukakazika. Changu hudonoa kwanza, unamsikia anavyoonja. Huyu alikamata tu akaruka juu ya maji, mwili wote nje, nami nikapiga takbiri. Nilipomtoa nilimtazama sana kabla ya kumfanya lolote. Madoadoa meusi mgongoni, na ubavuni mstari wa waridi kama umepakwa kwa kidole. Magamba ni madogo mno, anateleza kama sabuni. Si mwenyeji wa mlima huu: wazungu ndio walioanza kuwamwaga trauti katika mito ya milimani Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita. Mgeni kama mimi. Nikapata watatu kabla ya giza, wa mwisho mdogo nikamrudisha. Shemeji alikuwa ameacha kuhesabu.

Tuliwakaanga kwa chumvi na ndimu, tukala kwa mkate. Mkate kwa sababu maharagwe ya shemeji hayakuiva. Nilimwambia kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi, maharagwe makavu pikia nyumbani uje kupasha tu. Akasema mamake hupika hivyo. Kwa muda wa saa mbili na nusu gesi inaungua na maharagwe yanatutazama. Mtungi nao ukipata baridi moto unanywea, kwa hiyo usiku nililala nao ndani ya mfuko wa kulalia, nimeukumbatia. Asubuhi chai ilichemka bila matata.

Kuogelea niliogelea mchana wa siku ya pili, kwa kiburi cha samaki wawili. Wapo watakaokwambia jitose kwa mkupuo usisikie baridi. Nilijitosa. Pumzi ilikatika, nikataka kuita, Kiswahili chote kikanitoka nikabaki na irabu. Ingia hatua kwa hatua, usipite kiunoni, na mtu awe kando ameshika nguo kavu. Kikoi nilichotokea nacho nilikianika kamba ya hema, na alfajiri nilikikuta kimesimama kama bati.

Shemeji sasa anadai nimlipe koti. Anasema alilinunua 1,500. Dada yake, ambaye ni mke wangu, anasema ni 600. Nimemtumia 300, na ngisi wote waliobaki.